Ukoka Uliorudi Uwanjani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya wa manispaa yetu, waheshimiwa madiwani, walimu, wachezaji wa timu zote mbili, mama zetu na baba zetu mliosimama juani kwa kuwa majukwaa bado hatuna: hamjambo nyote, na poleni na jua.

Sisi wakazi wa mitaa inayouzunguka uwanja huu tumemchagua msusi wetu atusomee risala hii. Yeye amezoea kuongea na mtu aliyeshikwa kichwa, asiyeweza kuinuka mpaka kazi iishe. Tunaomba, Mheshimiwa, utuvumilie hivyo hivyo.

Karibu

Tunakukaribisha kwa furaha isiyofichika. Ungefika hapa miaka michache iliyopita ungekaribishwa na mbu, maana hapa palikuwa shimo la kuchimbia udongo wa matofali. Leo unakaribishwa na uwanja. Tumeona ulipokuwa unavuka kuja mezani umeinua viatu juu juu, kama mtu anayeogopa kuukanyaga mkeka wa mwenyewe. Tumeupenda uungwana huo. Huu mkeka kweli una mwenyewe, na ndiye tunayetaka kukusimulia habari zake.

Historia ya uwanja wa zamani

Mheshimiwa, pale yalipo sasa maghala ya saruji palikuwa na uwanja wetu. Jukwaa lake lilikuwa la mbao, na bao likiingia lilikuwa linalia kabla ya watu. Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa na mwenyewe. Wazee wetu wanadai wanakukumbuka pale ukutani, ukiwa na sare za shule. Kama ulilipa kiingilio au hukulipa hawakusema, na sisi kwa adabu hatukuuliza.

Ubao wa matokeo ulikuwa wa namba za bati za kutundika. Namba saba ilipotea, na hakuna aliyejisumbua kuitafuta, maana nani alikuwa na haja ya saba? Mpaka Jumamosi moja timu yetu ikatia bao la saba. Mzee wa ubao akahangaika juu ya ngazi, akapapasa huku na huku, mwishowe akatundika sita, na kando yake akatundika kofia yake mwenyewe. Uwanja mzima ulilipuka. Hadi leo, mtu wa mtaa wetu akikwambia mambo yake ni "sita na kofia," jua yamemnyookea kuliko alivyotarajia.

Nyasi za uwanja ule zilikuwa ukoka, uliopandwa kwa mkono na mtunza uwanja. Alipofariki, mkewe aliokota reki na mpira wa maji akaendelea pale mumewe alipoishia. Hakuna aliyemwajiri, ajira ilikuja baadaye ikamkuta kazini. Huyo ndiye Mama Ukoka. Amekaa pale, mwenye kitambaa cha kijani. Jana tulipomsomea risala hii alisema, "Nitoeni humo, mimi si kombe." Tumekataa, na tunamwomba radhi mbele yako.

Siku uwanja ulipovunjwa

Tangazo lilibandikwa getini kwamba uwanja utavunjwa. Tulikwenda kulalamika, tukasikilizwa vizuri sana, tukapewa viti na maji ya kunywa, na buldoza likaja vilevile.

Mama Ukoka alilifuata hadi getini. Alipomtazama dereva, alimtambua. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji! Yaani ni wewe?"

"Ni mimi, shemeji. Nikikataa mimi atapanda mwingine. Na nyumbani wanakula."

Wengi wetu tulikuwa pale, na tulidhani atamlaani au atalala chini mbele ya mashine. Hakufanya hata moja. Aligeuka akautazama ukoka, ambao asubuhi ile ulikuwa umetoka kumwagiliwa. Kwa miaka mingi alikuwa ameutunza kama mtu anavyotunza kaburi, na hapo ndipo alipokumbuka, kama alivyotueleza baadaye, kwamba ukoka si kaburi. Ukoka ukikatwa kipande ukachomekwa kwingine, huota.

"Majukwaa chukua," akamwambia shemeji yake. "Ukuta chukua. Nataka nyasi tu. Hiyo mashine yako haiwezi kuugua kidogo?"

"Mashine mpya hii, shemeji. Nani atakubali kwamba inaumwa?" Akakuna kichwa, akatazama huku na kule. "Ila dereva si mpya."

Mchana huohuo tumbo likamkamata. Lilikuwa tumbo la ajabu, Mheshimiwa, maana lilimzuia kuendesha buldoza lakini halikumzuia kuja na jembe.

Watu walimiminika. Waliokuja na sepetu walikuja na sepetu, wengine na toroli, wengine na beseni za kufulia. Mama Ukoka alisimama katikati akitoa amri, sauti imekauka: "Kata na udongo wake! Usiukamue, si nguo hiyo!" Muuguzi wa zahanati alibeba ukoka wa duara la katikati. Walimu walichukua wa golini. Kinyozi alichukua kipande cha kukaa kwenye debe, akakiweka mlangoni pa duka lake. Mtu asiye na ua alipanda kando ya mtaro. Tulipomaliza, uwanja ulibaki udongo mtupu, na mtaa mzima ukawa na uwanja kidogo kidogo.

Dereva alipona. Bosi wake alipofika akauliza nyasi zimekwenda wapi. Akajibu, "Bosi, mimi nilikabidhiwa majukwaa. Nyasi sikukabidhiwa." Kisha akawasha mashine. Lile jukwaa lilipoanguka lililia kama siku za mabao, na wanaume wazima walijifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Miaka bila uwanja

Kilichotuuma zaidi ni Jumamosi. Tulizoea kujua saa ya mechi na matokeo yake kwa kelele tu, mtu akiwa jikoni au amelala. Sasa Jumamosi ikawa kimya kama siku ya kazi.

Lakini Mama Ukoka hakutuacha tupoe. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba. Alikuwa anabisha hodi na kuingia kwa pamoja. "Hamjambo? Watoto je? Na ukoka?" Ole wako ukiwa umeanika nguo juu yake. Mwaka ule wa ukame, kinyozi alimwagilia debe lake kwa maji aliyooshea wateja vichwa. Mama Ukoka alipomwonya yasije yakauunguza kwa sabuni, kinyozi alimjibu, "Mama, hizi nazo ni nywele. Niachie fani yangu." Hatutakudanganya, Mheshimiwa: vipande vingine vilikufa. Kile cha karibu na gereji kiliuawa na oili, na Mama Ukoka alikaa siku kadhaa bila kumsalimia fundi.

Mafanikio

La kwanza: shimo hili limefukiwa, na tumelifukia wenyewe kwa kifusi na mikono yetu, baada ya ofisi ya kata kuturuhusu kwa mdomo. Lilipokwisha kujaa lilikuwa na mabonde na vilima. Mpira ungeviringika kurudi kwa aliyeupiga. Ndipo asubuhi moja tukasikia mngurumo. Buldoza linakuja, na juu yake ni shemeji yule yule, mvi zimemwota. Watu waliweka sepetu chini. Tangu siku ile ya kuvunja, yeye na Mama Ukoka walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu.

Mama Ukoka akasimama mbele ya mashine. "Leo umekuja kutuvunjia nini tena?"

Dereva akazima injini, akashuka. "Nimeomba mashine kwa bosi siku yangu ya mapumziko. Nimekuja kusawazisha, shemeji."

Ilituchukua muda kidogo kuelewa. Kisha mmoja akacheka, halafu wote, na mtu fulani akapiga kelele, "Bao moja kwa moja!" Mama Ukoka alitaka kubaki amenuna, akashindwa. Alicheka mpaka akajishika magoti, na alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. Akamwambia, "Haya panda, sawazisha. Dakika bado zipo."

La pili: ukoka umerudi. Siku ya kupanda, mtaa ulifurika beseni na toroli. Muuguzi alikataa katakata kipande chake kichanganywe na vingine: "Hiki ni cha katikati, na kinakwenda katikati." Kinyozi aliapa kwamba debe lake lilitoka pale pale penye nukta ya penalti, ambapo nahodha wetu wa zamani alipaisha mpira juu ya ukuta. Nahodha huyo, sasa babu wa wajukuu, alikuwapo. Akasema, "Basi kipandeni nyuma ya goli, hicho kina mkosi!" Walibishana mpaka Mama Ukoka akaamua kipandwe pale pale, ila nahodha akimwagilie yeye mwenyewe. Anakimwagilia mpaka leo.

La tatu, Mheshimiwa, tunalisema tukiwa tumeinua vichwa: timu ya mabinti zetu imetwaa kombe la ligi bila kucheza hata mechi moja nyumbani. Hawakuwa na nyumbani. Walikula vumbi la viwanja vya watu, wakazomewa na mashabiki wa watu, na wakarudi na kombe. Hilo hapo mezani mbele yako. Lishike tu, haliumi.

Changamoto

Hatuna bomba, maji tunayabeba. Hatuna majukwaa, kama migongo yetu inavyoshuhudia.

Na kuna jambo jingine dogo. Siku za karibuni walikuja watu na vyombo vya kupimia, wakachomeka vigingi vyekundu nyuma ya goli lile. Tuliwakaribisha, tukawapa viti na maji ya kunywa. Hatukuwauliza wametumwa na nani. Vigingi vyao havijapotea. Tumeving'oa na kuviweka stoo, visije vikamchoma mchezaji. Mwenye navyo akivihitaji, tuko tayari kumrudishia, mradi aje kuvichukua Jumamosi, wakati wa mechi, watu wakiwapo.

Maombi

Tunaomba bomba la maji. Tunaomba majukwaa, hata ya mbao.

Na tunaomba ardhi hii iandikwe kwa jina la uwanja, kwa namna ambayo Meya ajaye, na atakayemfuata, hataweza kuifuta. Neno la mdomo tulishapewa, na tunalishukuru. Lakini ule uwanja wa zamani nao tulikuwa nao kwa mdomo. Mheshimiwa, ukoka unaweza kung'olewa mara moja ukaishi. Sisi hatuna umri wa kuungoja tena.

Mwisho

Tangu siku ya kupanda hadi jana, hakuna mguu uliogusa katikati ya uwanja huu isipokuwa wa Mama Ukoka. Mbuzi, mbwa, hata diwani mmoja hapa, wote wamefukuzwa. Jana jioni mabinti walikuja wakasimama kwenye mstari, viatu mkononi. Nahodha wao akauliza, "Bibi, kesho tutaruhusiwa kweli?"

Mama Ukoka akainama, akapitisha kiganja juu ya ukoka, akainuka.

"Kwa nini kesho?" akasema. "Ukoka usiochezewa ni malisho ya mbuzi tu. Vaeni viatu, ingieni!"

Wakaingia wakikimbia na kupiga vigelegele. Majirani walitoka majumbani wakidhani kuna bao.

Mheshimiwa, tusikucheleweshe, refa ameshatazama saa yake mara nyingi. Mola akujalie afya, akuongoze mkono unapotia sahihi, awalinde wachezaji wa pande zote mbili, na wageni wetu wafike kwao salama, wakiwa wamefungwa.

Ni sisi,
Wakazi wa Mitaa ya Uwanjani,
wenyeji wa mechi ya leo.