Eom Pil-rye, Bibi Aliyemlisha Karani

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Neutgol na nyote mliopanda kilima hiki kwenye baridi: nimepewa nafasi ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu, dada wa baba yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Jong-du. Mzee Chae aliniomba niyaandike kwa upole. Nimejaribu.

Marehemu Eom Pil-rye alizaliwa tarehe 17 Novemba 1934 katika kijiji cha Hambakgol, milima ya Gyeongsang Kaskazini, mtoto wa pili na binti pekee wa Eom Tae-bong na mkewe. Alizaliwa theluji ikianguka, na babu alitaka kumpa jina la theluji, lakini bibi akasema baridi ya nje inatosha.

Shule hakuipata. Baba yangu alipelekwa kwa kuwa alikuwa mvulana, na yeye akabaki kumbeba mdogo wao mgongoni. Herufi alijifunza akiwa mtu mzima, hapa hapa kanisani, mwaka 1956, kutoka kitabu cha nyimbo. Kwa sababu hiyo hakuweza kusoma kitu bila kukiimba. Hata tangazo la chanjo ya ng'ombe alilisoma kwa sauti ya wimbo wa Pasaka, na waliosimama nyuma yake wakajikuta wanaitikia.

Tarehe 4 Aprili 1955 aliolewa na Bae Man-sik, fundi seremala wa Neutgol. Walizika watoto wawili wachanga kabla ya kumpata Jong-du, mwaka 1962. Mume wake alianguka kutoka paa la ghala mwaka 1979 na hakuinuka tena. Tangu hapo marehemu aliishi kwa vitunguu saumu: kupanda kwenye mashamba ya watu, kung'oa, kufunga mafungu, na majira ya baridi kukaa bandani na wanawake wenzake akimenya. Mchungaji wetu wa zamani alikuwa akisema kwamba mkono wa Mama Jong-du hujulikana kwa harufu kabla hujaushika.

Jong-du alikuwa na karakana ya soli za viatu huko Busan. Ilifungwa ule msimu wa baridi wa 1997 ambao karakana nyingi zilifungwa. Mkewe alirudi kwao. Februari 1998 Jong-du alishuka hapa na mtoto wake, Yeon-ji, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajatimiza, akamweka kwenye mapaja ya mama yake na kusema atarudi sikukuu ya mavuno. Hakusema ya mwaka gani. Hatujamwona tena, na leo pia hayupo.

Marehemu alikuwa na miaka sitini na mitatu, na magoti yalikuwa yameshaanza kumkataa. Alimbeba yule mtoto mgongoni hadi bandani, akamenya vitunguu akiwa naye hapo hapo mgongoni.

Mwaka 2001 tulisikia kwamba serikali imeweka msaada kwa kaya zisizojiweza, na kwamba bibi na babu wanaolea wajukuu wamo. Marehemu alivaa nguo ya kanisani akaenda ofisi ya tarafa yetu. Nilimsindikiza. Pale dirishani alikuwapo karani mmoja kijana, Bwana Noh, mtu wa viatu visivyojua tope.

“Bibi, wewe una mtunzaji,” akasema.

“Nani?”

“Mwanao, Bae Jong-du. Mwanamume, mzima, wa umri wa kufanya kazi. Yuko hapa kwenye rejista ya familia.”

“Mwanangu sijamwona tangu alipomleta mtoto. Kumbe yuko hapa kwenu?”

“Yuko kwenye rejista, Bibi.”

“Basi mwambie huyo wa kwenye rejista alete mchele. Na umwambie mwanawe anamwulizia.”

Foleni nzima ilicheka. Bwana Noh hakucheka. Alisema atakuja kuikagua nyumba aone kama kweli hali ni mbaya. Yaani bibi anayemenya vitunguu na mtoto mgongoni alikuwa anashukiwa utajiri.

Ukaguzi ulikuwa Januari. Mama Su-dong, jirani yetu ambaye yuko hapa mbele na ananitazama, alimpa ushauri mzuri.

“Mama Jong-du, siku hiyo zima moto wa chini ya sakafu. Mwache mtoto wa watu akae kwenye sakafu ya barafu, aonje maisha yako.”

“Mgeni atetemeke kwangu? Uso wangu nitauweka wapi?”

“Uweke kwenye sufuria tupu, ndiyo anayokuja kuitazama!”

Marehemu hakumsikiliza. Alichoma kuni zote alizokuwa ameweka hadi Machi, sakafu ikawa moto. Alikuja kwangu akaomba kipande cha nyama ya ng'ombe. Alikwenda kwa Mama Su-dong akaomba samaki mkavu ambaye jirani huyo alikuwa amemtundika kwa kumbukumbu ya mume wake mwenyewe aliyefariki. Alipika wali mweupe, nyumba ambayo ilikuwa inakula shayiri. Bwana Noh alipofika alikalishwa pale penye joto zaidi, na meza ikaletwa mbele yake. Yeon-ji aliambiwa akae jikoni asimtazame mgeni mdomoni.

Bwana Noh alikula. Aliongezewa, akala tena. Samaki alimgeuza, akamaliza na upande wa pili. Halafu akauliza, “Bibi, mnakula hivi kila siku?”

Marehemu akajibu kama tunavyojibu sote, kama mama zetu walivyotufundisha kumjibu mgeni: “Hamna kitu hapa, mwanangu. Ni chakula chetu cha kawaida tu. Kula.”

Bwana Noh alipangusa mdomo, akatoa kalamu.

Jibu lililokuja lilisema hivi: kaya inaishi katika nyumba yenye joto la kutosha, inakula wali mweupe, nyama na samaki, na imekiri yenyewe kwamba hicho ni chakula chake cha kawaida. Tena ina mtunzaji. Ombi limekataliwa.

Marehemu aliliimba hadi mwisho kwa sauti ya wimbo, kwa kuwa hakujua kusoma vingine. Mama Su-dong ndiye aliyepiga kelele.

“Samaki wangu! Amekula samaki wangu na mifupa yake, halafu ameandika ni wa kwako! Nenda ukamwambie alete mkia!”

Mimi si mtu wa kusema watu vibaya, na hapa ni mbele ya jeneza. Lakini Bwana Noh alizaliwa na mwanamke wa nchi hii hii. Mama yake, akiandaa meza isiyoweza kubebwa na mtu mmoja, humwambia mgeni hamna kitu. Alijua vizuri yale ni maneno ya mlangoni. Aliyaandika kwa sababu yalimfaa. Nimeomba nipewe moyo wa kumheshimu. Bado sijapewa, na sijaona haraka.

Marehemu alirudi ofisini kulalamika. Bosi wa Bwana Noh, mtu mzito mwenye sauti ya kubembeleza, alimwambia kwamba njia ipo. Mtoto apelekwe kituo cha watoto mjini. Huko serikali inalipia chakula, sare, madaftari, hata mlezi wa zamu.

“Kwa hiyo,” akauliza marehemu, “mtu asiyemjua mnamlipa amsuke nywele, na mimi ninayemjua hamnilipi?”

“Ndivyo mpango ulivyo, Bibi.”

“Huo mpango umewahi kukesha na mtoto mwenye homa?”

Yule bosi alimcheka. Alimcheka mbele yangu, kama unavyomcheka mtoto aliyesema neno la kikubwa. Tukatoka. Njiani marehemu hakulia wala hakulaani. Alisema tu, “Chun-hui, wanamtaka Yeon-ji. Mimi hawanitaki, yeye wanamtaka. Nikilegea watamchukua.” Tangu siku ile hofu yake kubwa ilikuwa hiyo moja. Njaa alikuwa ameshaizoea.

Kila mwaka baada ya mavuno ya vitunguu alirudi dirishani. Kila mwaka Jong-du alikuwa yuko kwenye rejista, mzima, wa umri wa kufanya kazi. Makarani walibadilika, Bwana Noh akapanda cheo, Jong-du hakuzeeka. Na Yeon-ji alikua. Alijua kusoma bila kuimba, na jioni alimsomea bibi yake Zaburi, naye bibi akimrekebisha tuni.

Maumivu ya tumbo yalianza msimu wa vuli wa 2006. Marehemu aliyaficha mpaka akaanguka bandani. Daktari wa mjini alisema alazwe siku hiyo hiyo. Marehemu alikuwa na swali moja: “Nikilala huku, mtoto atakuwa na nani?” Alikataa kitanda mpaka mimi na mume wangu tulipohamia nyumbani kwake na magodoro yetu. Alipolazwa, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini. Mimi siwezi kusema aliuawa na ofisi. Nasema aliiogopa ofisi kuliko ugonjwa, na daktari alisema kuchelewa ndiko kulikomponza. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Machi 2007, alfajiri, Yeon-ji akiwa amemshika mguu.

Jana, siku ya pili ya msiba, ofisi ilileta shada la maua. Mmeliona. Halikupita mlangoni, limeegemezwa kwenye banda la kuku, na utepe wake una maandishi ya dhahabu ya kusifu wazazi wanaojitolea. Nyuma ya shada alikuja Bwana Noh mwenyewe, na gari, na mwanamke wa kituo cha watoto.

Akauliza, “Mfiwa mkuu yuko wapi?”

Wazee walikuwa wameshakubaliana asubuhi. Kwa kuwa mwana hayupo, kitambaa cha mfiwa mkuu kilifungwa kwenye mkono wa Yeon-ji, ingawa ni msichana, ingawa ni mtoto wa darasa la tano. Kilimzunguka mara mbili.

“Ni mimi,” akasema.

Mgeni wa msiba humwinamia mfiwa mkuu. Hakuna namna. Bwana Noh alimwinamia mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuja kumchukua, na mgongo wake ulichukua muda kurudi juu. Kisha akatugeukia sisi.

“Habari njema ni kwamba sasa mtoto anastahili kila kitu. Kwa sasa hana mtu.”

Mama Su-dong akasema, “Na Jong-du? Amefutika lini?”

“Mama, hilo ni suala jingine.”

“Jingine vipi? Kwenye kutoa yupo, kwenye kuchukua hayupo?”

Mzee Chae, ambaye hajawahi kupaza sauti hata kwenye sifa, alisema, “Mwanangu, kama Jong-du ndiye mtunzaji, ruhusa ya kumwondoa mtoto ni ya Jong-du. Nenda kamtafute, ukija naye tutazungumza. Mpaka hapo mtoto yuko kwa ndugu zake.”

“Mzee, hatujui aliko.”

“Hata mama yake hakujua. Alikuja kuwaambia.”

Yule mwanamke wa kituo alianza kumwambia Yeon-ji kuhusu vitanda vipya na chumba cha michezo. Yeon-ji alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, “Asante. Nilishaletwa mahali mara moja, nikiambiwa nitafuatwa. Siendi tena.” Gari liliondoka na watu wale wale waliokuja nalo.

Marehemu Eom Pil-rye ameacha mwana, Bae Jong-du. Kama yuko hai popote na habari hii ikamfikia, ajue mama yake hakuwahi kukubali kuandika kwamba undugu wao umekatika, ingawa ofisi ingempa msaada kama angeandika hivyo. Ameacha mpwa, Eom Chun-hui, na mumewe. Ameacha wanawake wa bandani, ambao ni wengi kuwataja, na Mama Su-dong, ambaye anadai atajwe peke yake. Ameacha mjukuu, Bae Yeon-ji, ambaye Jumatatu anakwenda shule kutoka nyumbani kwetu, kwa chakula chetu, bila msaada wa mtu wa viatu safi.

Bwana akupumzishe, shangazi. Usisikilize tena hatua za mtu mlangoni. Mtoto yuko na sisi.