Wadia Sarofim, Mpima Maji wa Suez

Marehemu Wadia Sarofim alizaliwa Suez tarehe 9 Machi 1958, akasoma shule ya kanisa, akahitimu ufundi Ismailia mwaka 1980, na tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo akaajiriwa maabara ya kiwanda cha mafuta. Alifunga ndoa na Marsa tarehe 22 Januari 1984, wakajaliwa mabinti wawili, Irini na Dimyana.

Kazi yake ilikuwa kupima maji ya mfereji unaopita kiwandani na kunywesha mashamba, akichanganya maji na dawa ya kuvuta mafuta, kisha akimulika kwa taa ya zambarau, na chembe za lami ya mafuta zikiwemo, chupa inang'aa buluu. Lakini jua likishirikiana na hewa iliyomo ndani huziunguza chembe hizo, mng'ao ukafa, kwa hiyo yeye alizivika chupa soksi nyeusi za mkewe.

Mkurugenzi, bwana mwenye shahada tatu ukutani na akili ya kufungulia soda, alimkejeli mbele ya watu: "Bwana Wadia, chupa zako zinaona haya? Zinunulie na sketi basi!" Na wale wasomi wa maabara, watu wazima wenye masharubu, wakacheka, kila mmoja akimtazama mkubwa kwanza.

Julai 2003 Wadia aliandika kwamba mfereji una mafuta, mkurugenzi akaagiza sampuli nyingine, bila soksi, zikasafiri kwa saa tatu juu ya dashibodi ya gari, katika chupa nyeupe, zikafika zimezimika, na tarehe 2 Agosti marehemu akafukuzwa, eti amepika majibu.

Dereva alikuwa Nashed, mdogo wake, anayewasomea haya.

"Nashed, uliziacha juani?"

"Sikumbuki, kaka."

Alikumbuka, ila aliipenda kazi yake kuliko ndugu yake, na Mungu amsamehe.

Wadia aliugua figo Februari 2019, akafariki tarehe 11 Mei 2021, akiomba jambo moja tu, jina lake lisafishwe.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, na majirani waliopika siku tatu bila kuombwa. Wafanyakazi wenzake, mliokuja na shada kubwa kuliko aibu yenu, tumewaona. Mheshimiwa mkurugenzi mstaafu, uliyeketi safu ya pili, usiondoke kwanza, ungamo la Nashed liko mezani kwa padri, limetiwa saini, na chini yake pana nafasi ya saini yako.

Pumzika, Wadia. Maji yalikuwa na mafuta.