Kiberiti, Winga Aliyefundisha Kutolewa Kwake

Sauti iliyobaki masikioni mwangu ni ya uwanja mzima ukizomea. Mwalimu wetu alikuwa akiipandisha makusudi kwenye video, kisha anauliza nani kati yetu angethubutu kufanya mabadiliko huku akizomewa namna ile. Tarehe 30 Juni anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha makocha chuoni hapa.

Aliyezomewa alikuwa kocha wa timu ya taifa. Ilikuwa nusu fainali ya kombe la bara, mechi ambayo hata wasiojua mpira wanaisimulia. Kabla ya mapumziko kocha alimtoa winga wa kushoto, kipenzi cha watu, akaingiza kiungo. Winga huyo, aliyeitwa Kiberiti kwa wepesi wa kuwaka, ndiye mwalimu wetu.

Watu wanalikumbuka bao la ushindi. Yeye alitufundisha yaliyolitangulia. Wapinzani walikuwa na viungo watatu, sisi wawili, na karibu kila mpira uliopelekwa kwake pembeni uliishia miguuni mwao. Alipotoka, katikati pakajaa, beki wa kushoto akapata njia ya kupanda, na krosi ya bao ikatoka palepale alipokuwa akisimama yeye. "Nilikuwa nawaka kweli," alipenda kusema, "ila jikoni hapakuwa na sufuria."

Nyumbani somo hilo halikupita. Mpaka leo mama mkwe wake anamwita kocha yule "huyo mtu wako", na hali yake haulizi.

Makocha wengi wa ligi zetu, wanawake kwa wanaume, wamepita mikononi mwake. Aliyekosea ubaoni alimvumilia. Aliyekosea kwa kuwaogopa watazamaji alirudishwa ubaoni mpaka jasho limtoke.

Mwezi uliopita, akinikabidhi darasa, aliniambia, "Binti yangu, mechi yangu itoe. Siku hizi mabeki wa pembeni wanaingia katikati. Ukiiacha, utawaandaa watu kwa vita vya jana." Ofisini wenzangu waliona kuitoa ni kumvunjia mzee heshima. Mmoja aliniuliza kama nina roho kweli.

Mwalimu, asante kwa ukali wako na kwa vicheko vyako. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa, na mama mkwe mwepesi wa kusahau.

Mechi yako nimeitoa. Tangu Jumatatu darasa linasoma ile tuliyofungwa nyumbani mwaka jana, na wanafunzi wanabishana mpaka kengele inawapita.