Tanuri Lisizimwe Kabla ya Jicho la Delpha

Mgeni rasmi, Bwana Garrick Lindqvist, uliyetoka makao makuu ya kampuni; Meneja wetu, Bwana Overbeck; Bi. Connie wa ofisi ya wafanyakazi; na wenzetu wa tanuri, ukaguzi na bohari:

Sisi wafanyakazi wa zamu ya mchana, Kiwanda cha Chupa cha Mill Prairie, Indiana, tunasimama mbele yako na risala ndefu kidogo. Tuvumilie.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana. Keti kwa raha, maana wasiwasi wote uliokuwepo mjini tumeshaugawana sisi. Mezani kuna tambi za kuku juu ya viazi vya kuponda, na pai ya krimu aliyoipika Merle Stoops wa ukaguzi kwa mikono yake, baada ya kuinawa. Utakuwa umeona kwamba karibu kila mtu humu ukumbini amevaa miwani mipya. Si sare. Tutafika huko.

TULIKOTOKA

Tanuri hili waliliwasha babu zetu, na tangu hapo halijalala, si Krismasi, si siku ya mazishi ya mtu yeyote. Tanuri la kioo, kama unavyojua, halizimwi likawashwa tena. Likipoa, kioo kinaganda tumboni mwake na kinachofuata ni watu wa nyundo kuja kulivunja. Ukali wake ni wa kuhadithiwa. Bata wa porini akipita juu ya bomba la moshi, wewe simama tu chini na sahani. Mwaka mmoja alianguka akiwa tayari ana chumvi, ingawa watu wa bohari hilo wanalikataa kwa kuwa walikosa paja.

Wenzetu wa kiwanda cha ng'ambo ya mto nao walipata mgeni, majira ya kuchipua. Walimpikia, wakamsomea risala, akawashika mikono mmoja mmoja na kuwauliza habari za watoto. Pai iliyobaki ilikuwa bado iko kwenye friji pale tanuri lao lilipozimwa. Hatusemi neno juu ya ziara yako. Tunasema tu kwamba na wao walikuwa wamempikia mgeni wao.

Tangu tangazo la ujio wako libandikwe ubaoni, watu wanatoka nje wakati wa mapumziko kwenda kutazama moshi. Hatuvuti sigara, tunatazama moshi tu. Mngurumo wa tanuri ukibadilika kidogo, mikono yote inasimama.

TULIYOYAFANYA

Sisi wa ukaguzi kazi yetu ni macho. Chupa zinapita mbele ya taa nyeupe nasi tunatafuta ufa, kiputo cha hewa au punje ya mchanga isiyoyeyuka. Mashine ipo, lakini mashine haijawahi kumfikia Delpha Rinker. Huyu mama aliwahi kuona unywele wa paka ndani ya chupa ya kahawia, akasema na paka ni wa nani.

Kwa ajili ya macho hayo kampuni ilituwekea akaunti ya matibabu, ambayo sisi tunaiita mfuko wa macho. Tunashukuru. Kila mwaka majani yanapoanza kuanguka, mtu anatamka kiasi atakachokatwa mshahara mwaka unaofuata, kabla ya kodi, kwa ajili ya miwani, lenzi, matone au upasuaji. Ukishatamka, hubadilishi. Mwaka ukiisha hujakitumia, kimekwenda. Na ukitoka kazini, mfuko unafungwa siku hiyo hiyo: tiba ya kesho yake ni juu yako.

Kwa hiyo tangazo lilipotoka, sote tulikimbilia duka la miwani kabla hujafika. Mwenye duka alidhani mji umeingiwa na ugonjwa. Merle alichukua ya kusomea, ya kuendeshea gari na ya kuvulia samaki, kisha akaulizia ya mbwa wake.

"Mbwa hayumo kwenye mfuko, Merle," mwenye duka akamwambia.

"Basi andika ni mjomba wangu. Mtazame vizuri, tumefanana."

Tulicheka siku ile. Hatujacheka tena.

YANAYOTUKOSESHA USINGIZI

Delpha hakukimbilia duka. Hakuna miwani ya kumfaa. Presha ya macho imeshamla jicho la kulia, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Alipogundua kwamba chupa mbovu zinampita, alijitoa mwenyewe kwenye taa, akaomba kupakia maboksi kwa mshahara mdogo zaidi. Hakuna aliyemfukuza.

Daktari Pham amesema jicho lililobaki linaweza kuokolewa kwa upasuaji. Bima italipa sehemu, na sehemu yake Delpha iko kwenye mfuko. Alitamka kiasi kikubwa kuliko sisi sote, akaacha paa lake livuje. Siku imepangwa: Alhamisi ya pili ya mwezi ujao.

Tangazo lako alisomewa na Merle, pale ubaoni.

"Limeandikwa nini?"

"Mgeni anakuja, Ijumaa. Wa makao makuu."

"Anakuja na mkewe, au anakuja na watu wa kupima vya kubomolewa?"

"Delpha, dada yangu, ningejua ningekwambia."

"Basi nipigie kwa daktari. Namba sizioni."

Merle alipiga. Wakamjibu kwamba kuiwahisha siku ya upasuaji haiwezekani. Jicho bado limevimba, matone hayajamaliza kazi, na likiguswa sasa linaweza kupotea lote.

"Aa," Delpha akasema, akitafuta ukuta kwa mkono. "Kumbe nimepewa nichague. Nilipoteze kwa daktari, au nilipoteze kwa kampuni."

Akaenda kwa Bi. Connie. Bi. Connie yuko hapa, na hatumlaumu.

"Connie, mpenzi, nikitoka kazini Ijumaa, ile Alhamisi nani analipa?"

"Nani kakwambia unatoka?"

"Nimekuuliza nani analipa."

Bi. Connie akatazama mlango. "Delpha, usiniulize. Nakuomba usiniulize."

Jumatatu watu wa kupima wakaja kweli. Wawili, na utepe, wakapima mlango wa tanuri na njia ya lori. Wakasema ni mambo ya usalama wa moto. Delpha hakuwaona, alizisikia hatua zao tu, akaacha boksi wazi na kuuliza, "Ni akina nani hao?" Sote tulijifanya tuna kazi.

Siku hizi akiwa nyumbani anafumba macho, anatembea kutoka jikoni hadi kitandani akipapasa. Merle alimkuta hivyo alipompelekea supu, akamuuliza anafanya nini.

"Najifunza nyumba," akasema.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, tulikuwa na maombi mengine. Feni, choo cha upande wa bohari, jiko la kupashia chakula lisilorusha cheche. Tumeyafuta. Hata mshahara hatuutaji leo.

Tunaomba, kama lile tunaloliogopa halipo, useme halipo, ili watu wale.

Na kama lipo, tanuri liwake mpaka Alhamisi ile ipite. Tukiambiwa gesi ni ghali na moto hauwezi kungoja, basi jina la Delpha Rinker libaki kwenye orodha ya wafanyakazi mpaka daktari avue glovu. Jina la mtu halichomi gesi. Sisi wengine mtufanye mtakavyoona.

Yeye ameketi safu ya mbele, koti la kijani, uso ameuelekeza kwenye sauti hii. Tunakuomba umjibu kwa mdomo. Ukitikisa kichwa, iwe ndiyo au hapana, hataona. Sisi tutaona, na hakuna hata mmoja kati yetu atakayeweza kumwambia.

Mungu akufikishe kwako salama, akulindie macho yako na ya wanao, na akupe ujasiri wa kusema leo hii, mbele yetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Zamu ya Mchana,
Kiwanda cha Chupa cha Mill Prairie.