Flaiwili Aliyonyimwa Fundi Othmar

Ndugu Othmar Kapinga, aliyekuwa fundi mkuu wa karakana yetu hapa Mbinga, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Placidi wa stoo, niandike wasifu wake kwa kuwa hakuna aliyefanya naye kazi muda mrefu kunizidi. Wameniomba pia niandike mambo mepesi ya kufurahisha. Nitaanza na hayo.

Alizaliwa Mbuji mwaka 1965, akaajiriwa mwaka 1991 kama msaidizi wa fundi. Kwa miaka mingi hakuna gari la shirika letu la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililopanda au kushuka milima hii bila kupita mikononi mwake. Klachi ndiyo hasa ilikuwa utaalamu wake. Dereva akileta gari linalonuka klachi, Mzee Othmar haligusi kwanza. Anamwambia dereva avue kiatu cha kushoto, kisha anakagua soli. Ikiwa imelika katikati, basi huyo hukanyaga klachi safari nzima kama anashona kwa cherehani. Wapo madereva waliokuja na ndala ili kuficha ushahidi, akawakamata kwa ndala hizo hizo.

Alikuwa na desturi moja. Kila aliposhusha giaboksi na kubadilisha klachi, aligonga kwa tindo maandishi madogo ndani ya kava, mahali pasipoonwa na mtu: tarehe, na hali ya vifaa alivyoviacha humo. Tulimtania kwamba anawaandikia barua mafundi ambao hawajazaliwa. Yeye alisema atakayefungua baadaye ana haki ya kujua mwenzake alikuta nini.

Sasa niseme ambalo kamati haikuniomba.

Machi 2019 alifungua gari la zahanati. Klachi ilikuwa imekwisha, na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo klachi hulibana ili gari liende, ilikuwa imeungua hadi kupata nyufa. Alisema si ya kuchongwa tena, na kwamba klachi mpya juu ya chuma kile itateleza mlimani. Akajaza fomu ya kuomba vyote viwili. Flaiwili mpya ilikuwepo kwenye rafu yangu, imeviringishwa katika karatasi yake ya mafuta. Mkuu wa shirika wa wakati ule alikuwa ameniagiza niitunze kwa ajili ya gari lake yeye, ambalo lilikuwa zima kabisa. Nikaandika kwenye fomu kwamba haipo, nikatoa klachi peke yake.

Othmar akafunga alichopewa, akaonya gari lisitoke nje ya mji. Siku ya nne likatumwa kijijini Ngumbo, chini ya mlima, kumchukua Emiliana, mjamzito aliyezidiwa na uchungu. Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, klachi ikaungua. Wanaume walimbeba Emiliana kwa machela kwa saa nyingi hadi lilipopatikana lori. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Na huyo Emiliana ni binti wa kaka yake Ida, mke wa Othmar.

Kamati ya uchunguzi ilimuuliza kwa nini alifunga klachi mpya juu ya flaiwili mbovu. Akawajibu kwamba aliomba nyingine akanyimwa, na kama hawaamini washushe giaboksi wasome. Wakasema mwenye tindo anaweza kuandika lolote, wao watasikiliza neno la stoo. Nikaitwa. Nikasema sikumbuki kuiona fomu hiyo, na fomu ilikuwa kwenye droo yangu. Niliogopa kupoteza kazi. Simwombi mtu yeyote anielewe kwa hilo.

Akapewa barua ya onyo, akavuliwa ukuu, akawekwa kwenye kuziba pancha. Ngumbo ikafika habari kwamba fundi mzembe ameua mtoto wao, naye tangu siku hiyo hajakanyaga ukweni. Baba yake Ida alipofariki mwaka 2022, Ida alikwenda kumzika peke yake. Othmar alikaa Mbuji siku tatu, mkwe aliyeshindwa kufika msibani kwa baba mkwe wake, na hapa karakana tukamwandika mtoro.

Mwezi uliopita iliamuliwa gari lile lifufuliwe, baada ya kukaa juu ya mawe miaka sita. Fundi Hyasinti, aliyeshika nafasi ya Othmar, alishusha giaboksi, akafuta vumbi ndani ya kava, akatusomea sote: flaiwili ina nyufa, mpya imeombwa, stoo wamesema haipo. Na tarehe. Kila mtu akanigeukia. Nikaenda kwenye droo nikaleta fomu, ambayo sijui kwa nini sikuwahi kuichoma.

Othmar aliomba kazi hiyo iwe yake ya mwisho. Alikuja kwenye dirisha la stoo akaomba flaiwili na klachi, nikampa kwa mikono miwili. Alivifunga kwa siku mbili, hakutaka mtu amshikie hata spana. Alipokuwa ananawa mikono kwa mafuta ya taa nilimfuata nikamwomba msamaha.

“Placidi,” akasema, “hapa wote tunajuana. Maneno hayo ukayaseme Ngumbo.”

Wiki iliyopita ofisi ilifuta barua ya onyo kwa barua nyingine ya mistari miwili. Neno samahani halimo. Mkuu wa wakati ule alistaafu zamani, na alichinjiwa ng'ombe.

Mzee Othmar, shikamoo. Karakana inakushukuru kwa miaka yote, hata ile tuliyokuharibia. Tunakuombea wewe na mama Ida afya na siku nyingi, na kahawa yenu ya Mbuji izae mpaka matawi yainame. Jumamosi nitashuka Ngumbo kwa gari lile lile ulilolifunga, nikae mbele ya Emiliana na baba yake, niwaambie kwamba mtu waliyemchukia miaka sita siye mwenye kosa. Wanifanye watakavyo. Wewe nenda ukawasalimie wakwe zako.