Verlene Tuggle wa Chumba Namba Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu asubuhi hii, mlio jikoni, mlio kazini, na mlio peke yenu. Hasa mlio peke yenu. Leo tunamkumbuka Verlene Tuggle. Alifariki Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sitini na tisa. Alifariki katika chumba namba kumi na nne cha moteli iliyo kando ya barabara kuu, hapa mjini kwetu, Ohio. Hakuwa msafiri. Alizaliwa mitaa sita tu kutoka moteli hiyo.

Wengi wenu mnamjua. Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Verlene alipika katika shule ya msingi upande wa mashariki. Ndiye aliyekuwa akigonga sufuria kwa mwiko na kusema, "Haya mfalme, sogea, wenzako wana njaa!" Watoto mia nne kila siku. Alijua nani hali maharage na nani hajala tangu jana.

Kisha jengo alilokuwa akiishi likauzwa. Wapangaji wote wakatolewa. Mama Verlene alikuwa na hati ya ruzuku ya kodi, aliyoisubiri miaka sita. Mnajua inavyofanya kazi. Mpangaji analipa sehemu, serikali inamlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki, kila mwezi. Lakini hati ina muda wake. Yake ilikuwa ya siku mia moja na ishirini. Usipopata nyumba ndani ya siku hizo, hati inakufa.

Akahamia moteli. Alidhani ni wiki mbili. Chumbani hamkuwa na jiko. Mwanamke huyu, wa masufuria makubwa kiasi kile, akawa anakula mkate na siagi ya karanga, ameketi ukingoni mwa kitanda, televisheni ikiwaka ili pawe na sauti.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo karibuni, nikijitolea katika ofisi ya wapangaji. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka kwa gari kuona nyumba. Mara nyingi hatukufika popote. Alipiga simu, akaitaja hati, simu ikakatwa; wenye nyumba wengi hawakuzitaka hati hizo. Alikuwa na desturi hiyo, kuitaja hati kabla ya kitu kingine chochote. Mdogo wake, Odessa, anayeishi Alabama, alimgombeza kila Jumapili.

"Dada, kwa nini unaanza na hati? Anza na habari za asubuhi!"

"Nivae gauni la uongo nikaone nyumba? Wakinivua huko ndani je?"

"Basi wewe na ukweli wako mtalala nje."

"Tutalala moteli, mpenzi. Nje kuna theluji."

Odessa ananiambia walicheka. Halafu, anasema, dada yake hakutaka kukata simu.

Siku ya tisini na nane tulipata miadi. Nyumba ndogo ya chini, vyumba viwili, jiko la gesi. Kijana wa kampuni ya kupangisha alifungua mlango, akamtazama, akapiga kelele.

"Mama Verlene! Wa shuleni!"

"Ngoja. Wewe si yule wa kutoa vitunguu kwenye sahani?"

"Ndiye mimi! Mpaka leo navitoa. Mke wangu amechoka!"

"Mwambie avisage. Mimi nilikusagia miaka mitano, hukujua."

Wakakumbatiana. Mama Verlene akaliendea jiko, akawasha moto, akauzima. Akauwasha tena. Kisha akasema, "Nina hati ya ruzuku, mwanangu. Niliwaambia kwenye simu."

Kijana akatazama chini. "Ah, mama. Hawakuniambia. Hizo hatuchukui. Si mimi, ni utaratibu wa kampuni."

Wakati ule sheria haikumkataza. Mama Verlene akamgusa shavu, akatoka. Garini nilikuwa nimekasirika. Nilimuuliza kwa nini hakusema neno. Akajibu, "Yule alikuwa anakula kwa kadi ya chakula cha bure. Serikali ilimlipia kila sahani. Sasa nimwaibishe mtoto wa watu mlangoni?" Jina la kijana huyo silitaji. Alinikataza.

Siku mia moja na ishirini zikaisha. Hati ikafa.

Siku kumi na tisa baadaye, alisimama mbele ya baraza la mji, lililokuwa likijadili sheria mpya ya kupangisha nyumba. Kila mwananchi hupewa dakika tatu. Alisimulia habari za mtoto aliyelishwa kwa kadi, bila kumtaja. Akamaliza hivi: "Nililisha watoto wenu, na sikumuuliza hata mmoja hela ya sahani yake inatoka wapi." Wiki hiyo hiyo sheria ikapita, kwa kura moja. Sasa mwenye nyumba hapa kwetu haruhusiwi kumkataa mpangaji kwa sababu ya mahali hela zake zinakotoka.

Tulinunua keki. Tulimpigia makofi. Kisha nikamrudisha moteli, kwa sababu orodha ya kuomba hati mpya ilikuwa imefungwa. Akishuka garini aliniambia, "Sheria nzuri, mwanangu. Imepita mlangoni kwangu kama tarishi, ikaenda kwa jirani."

Aliishi miezi saba zaidi. Chumba namba kumi na nne.

Wasikilizaji wapendwa, kwetu mtu akifariki, chakula kinapelekwa nyumbani kwake. Odessa alipofika kwa basi, simu ikaanza kulia. "Tulete wapi?" Akatoa kiti nje ya chumba, akawajibu wote, "Leteni moteli. Mlango upo."

Wakaleta. Nyama, mboga za majani, pai za viazi vitamu, vyote juu ya boneti za magari, kwenye maegesho. Mgeni mmoja mwenye sanduku akauliza kama kuna harusi. Odessa akamwambia, "Hapana, baba. Ni msiba. Chukua sahani."

Kesho yake, saa tano kamili asubuhi, Odessa alirudisha ufunguo mapokezi, kama wageni wote wanapoondoka.

Odessa, pole sana. Poleni familia ya Tuggle. Poleni ninyi nyote mliolishwa na mikono ile.

Na wewe mwenye nyumba unayenisikiliza: leo mtu akikupigia simu akakutajia hati, mtajie saa ya kuja kuiona nyumba. Kisha uwepo, umfungulie.