Nani Aliichimba Ngome ya Mlimani

Benchi la mbele ya duka la vyuma la Orville, hapa kwetu Kentucky, lina miguu minne, na kila mguu umekanyaga jiwe bapa. Bila mawe hayo lingezama matopeni kila mto unapofurika. Baba yake Kanali ndiye aliyeyateremsha kutoka mlimani kwa gari la nyumbu, na Kanali hachoki kumkumbusha kila anayekaa: "Yalikuwa yamesimama bure kule, hayana mwenyewe." Jina lake hasa ni Delmas, na hajawahi kuvaa hata kofia ya jeshi; ukanali alipewa na jimbo kwa heshima tu, kama wanavyopewa wengi huku. Asubuhi ile alikuwa na jambo. Kwenye ngome ya udongo iliyobaki kileleni tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, kungewekwa ubao Siku ya Kupamba Makaburi, na mchoraji alitaka sentensi moja kabla ya adhuhuri: ngome ilijengwa na nani. Kanali aliahidi kuipeleka yeye, na moyoni alishaiandika zamani.

— Ni babu yangu Elam, alisema. Elam na wenzake wa jeshi la Kaskazini. Majira ya baridi mazima, sululu mkononi.

— Elam wenu alikuwa mpishi, alisema Jaji, ambaye aliwahi kuitwa mara moja tu kukaa na wazee wa baraza mahakamani, na tangu hapo hukumu hazimwishi.

— Mpishi na sululu, vyote. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya akiba, bwana, si ya mashimo. Sikiliza. Ngome ile aliisimamia jenerali mwenyewe, usiku mmoja. Kusini walikuwa wanakuja kuchoma daraja la reli. Kulipokucha wakaiona, wakageuza farasi.

— Usiku mmoja? Wewe kibaraza chako tu kilikula kiangazi kizima, na bado kimepinda.

Spana, fundi magari mstaafu, alikuwa anamimina kahawa taratibu. Yeye huwaacha wenzake wachoke kwanza.

— Nyote watoto, alisema. Hakuna askari aliyeijenga. Waliikuta. Chini yake kuna handaki mpaka mtoni, limejaa dhahabu ya Kusini.

— Kama waliikuta, dhahabu ya Kusini iliingiaje? aliuliza Jaji.

— Ndiyo nasema kuna siri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ngome iko kileleni, Spana. Huko mtu hainami, anapanda.

— Basi panda wewe na hilo goti lako.

Kanali hakucheka. Kwao shamba lilishauzwa, tumbaku ikafa, likabaki jina la Elam tu. Alitaka kuliona kwenye ubao kabla hajazikwa.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja mweusi, mtu mzima, amevaa kofia ya kanisani na viatu vimejaa udongo wa mlimani. Mkononi ana maua ya bustani, yameanza kulegea.

— Habari za asubuhi, wazee wangu.

— Njema, mama. Karibu kahawa.

— Imekwisha, alisema Spana akichungulia birika.

— Si neno. Mimi ni Lavinia Tandy. Natoka Louisville, ila asili yetu ni hapa. Bibi yangu aliniusia nije niwapambie wachimbaji makaburi yao.

— Wachimbaji gani? aliuliza Jaji.

— Walioichimba ngome. Watumwa wa mashamba ya hapa; jeshi liliwachukua kwa mabwana zao. Homa iliua wanne. Babu yake bibi alichimba nao, na ndiye aliyewazika.

— Aliwazika wapi? aliuliza Jaji.

— Bibi alisema nitafute mawe bapa manne, yamesimamishwa chini ya ukingo wa ngome, upande wa mawio. Nimezunguka tangu kuche. Ukingo upo, mawe siyaoni. Mnajua yalikwenda wapi?

Spana alitazama birika tupu. Jaji alitazama barabara. Kanali alikumbuka mara ngapi amejisifu kwa mawe yale, tena kwa sauti. Aliinuka, akavua kofia, kisha akainama taratibu mpaka goti likagusa chini, akatia mkono mvunguni mwa benchi na kufuta tope kwenye jiwe.

— Inukeni, alisema.

— Kanali, sasa hivi mchoraji... alianza Spana.

— Atasubiri. Sentensi anayo huyu mama. Spana, leta gari.

Jaji aliinuka, akabaki ameshika kikombe.

— Na sisi tutakaa wapi?

— Tutasimama, alisema Kanali.